Boliti Sita na Unga wa Kifuniko

Mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga kazini, siwezi kukataa. Kulikuwa na kuku, kulikuwa na keki yenye jina langu, Wangari, na mkanifunga leso mbili begani. Kisha mkanipa kile kitabu chenu kipya cha mwongozo kwa wanaoanza, mkasema, "Mathe, tuandikie maneno machache ya mbele." Nikaenda nacho nyumbani kwa furaha. Nilikuwa nakisoma nikinywa chai, na nilipofika ukurasa wa saba chai ilinimwagikia mapajani.

Ukurasa wa saba unasema kifuniko cha pipa kifungwe kwa boliti sita, zikazwe kwa spana, na unga usitumike kabisa. Chini yake mmeandika kwamba mfanyakazi aendelee kuongeza kuni hadi kipimajoto kisome digrii mia.

Nimekasirika. Nimekasirika tangu siku hiyo hadi leo, na asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Mlitaka maneno machache ya mbele, na mimi nawaambia hayatakuwa machache, na wala hayatakuwa ya mbele. Yatakuwa ya ukurasa wa saba.

Kwa aliyeingia kazini juzi, nianze na kazi yenyewe. Tunapika majani ya mikaratusi, hii blugamu mnayoiona kila mahali, tukitoa mafuta. Ndani ya pipa la shaba kuna maji chini, chujio la bati katikati, majani juu ya chujio. Moto uko nje, chini ya pipa. Maji yakichemka, mvuke unapita katikati ya majani, unapanda kwenye shingo ya pipa, unashuka kwenye bomba lililojikunja ndani ya drami la maji baridi, na kwenye mdomo wa bomba yanatoka maji yenye mafuta yanayoelea juu. Ni hayo tu. Mtoto anaweza kuyaelewa. Kinachomshinda mtu mzima ni moto, kwa sababu anayeanza huogopa moto utazima, basi anaongeza, na akiona haujazima anaongeza tena kwa furaha.

Mimi nilianzia Kitale, nikiwa msichana aliyemaliza shule bila mahali pa kwenda. Wazazi wangu walikuwa watu wa Nyeri waliokuja kulima Trans-Nzoia. Mtambo ulikuwa wa Mzee Jaswant, ambaye familia yake ilikuwa na duka la vyuma mjini. Pipa alilitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake, nyuma ya duka, akalipeleka nje ya mji palipo na miti. Siku yangu ya kwanza alinisalimia, akaniuliza kama naogopa moto, nikasema siogopi. Akasema, "Basi Mama Wekesa atakufundisha kuogopa," akaenda zake.

Mama Wekesa alikuwa mwanamke Mbukusu, mfupi, mwenye mabega mapana, akikaa Kipsongo, mtaa wa mabanda pale Kitale. Moto alijifunzia kwenye kupika chang'aa, ile pombe haramu. Hakuficha hilo kamwe. Alikuwa ameokoka, ameacha, lakini ukimuuliza alikwambia waziwazi: "Nimepika hiyo kitu miaka mingi, na hakuna mtu alikufa na pombe yangu, na hakuna mtu alichomeka na pipa yangu." Alisema hivyo hata mbele ya pasta.

Siku hiyo ya kwanza hakunipa kazi. Alinikalisha kwenye jiwe, akaushika mkono wangu akauweka kwenye shingo ya pipa.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Ngoja."

Nikangoja. Moto ulikuwa mdogo, wa vijiti, hata mimi nilitaka kuucheka. Nusu saa nzima baridi. Halafu joto likaanza kupanda kutoka chini ya kiganja changu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani.

"Sasa sikia vizuri," akasema. "Joto ikifika hapa kwa kidole yangu, unatoa kuni mbili. Si moja. Mbili. Unavuta nje kabisa. Na usimwage maji kwa moto hata siku moja, utatupofusha na jivu na pipa itapasuka. Umesikia, ama nakupigia kelele bure?"

Nikasema nimesikia. Sikuwa nimesikia. Nilitoa moja, na nusu saa baadaye mdomo wa bomba ulikuwa unamwaga maji ya moto yenye rangi ya chai, harufu ya majani yaliyoungua. Aliniita akanionyesha. "Ikitoka kama uzi, sawa. Ikitoka kama mkojo ya ng'ombe, umeharibu majani ya watu." Niliosha pipa lote peke yangu siku hiyo na hakunisaidia hata kwa kitambaa.

Alinifundisha pia kutia mkono ndani ya drami la kupoza. Maji ya juu huwa moto, ya chini baridi. Ukizamisha mkono hadi kwenye kiwiko na bado ni moto, basi mvuke ni mwingi kuliko maji, na dawa yake si kubadilisha maji, ni kuvuta kuni. Kila shida aliyonionyesha, dawa yake ilikuwa kuvuta kuni. Nilidhani anajirudia kwa sababu ya umri, na kumbe alikuwa hajafika hata miaka hamsini.

Kipimajoto tulikuwa nacho, cha uso wa duara kama saa, kimechomekwa shingoni panapopita mvuke. Mama Wekesa hakujua kusoma namba zake. Alichukua rangi nyekundu ya kucha ya binti yake akachora mstari mahali sindano iliposimama kila siku maji yakichemka. Mimi niliyejua kusoma nilimwambia hapo ni tisini na nne. Akasema, "Sawa, iite hivyo."

Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, kwenye kitabu cha sayansi cha binti yangu. Kitale iko juu, hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, basi maji yanachemka mapema kabla ya kufika mia. Hapa Bungoma tuko chini kidogo, ndiyo maana sindano inasimama tisini na tano hivi. Mia ni ya huko baharini. Maji ya Kitale kwenye sufuria isiyobanwa hayafiki mia hata ukiyachomea msitu mzima. Shikeni hilo vizuri, kwa sababu maana yake ni hii: ukiwa Kitale, ukaona sindano imefika mia, mvuke umekosa njia na unajibana ndani.

Sasa unga. Kila asubuhi nilikanda unga wa mahindi uliochanganywa na wa wimbi, mgumu kama wa chapati za haraka. Nauviringisha kama kamba, nauzungusha kwenye ukingo wa pipa, Mama Wekesa anaweka kifuniko na jiwe moja juu yake. Moto ukianza unga unakauka, unashika, hata harufu haitoki. Nikamuuliza siku moja kwa nini tusifunge kwa chuma kama watu wa kisasa. Aliniangalia kama nimetukana.

"Pipa lazima ikuwe na mahali ya kupumua. Bomba ikiziba, mvuke itasukuma unga. Unga itapasuka, itapiga kelele, fiii, na wewe utasikia, utavuta kuni. Chuma haina kelele. Chuma inakunyamazia tu, alafu inakuua."

Niliona unga ukipasuka mara kadhaa. Jani lilikuwa limeziba shingo. Tulivuta kuni, tukangoja pipa lipoe, tukatoa jani, tukakanda unga mwingine, tukala chakula cha mchana. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeandika ripoti.

Mzee Jaswant akaumwa miguu, akashindwa kuja kila siku, akaleta meneja. Jina lake sitalitaja, halistahili wino wangu. Sisi tulimwita Ongeza, kwa sababu ndilo neno alilojua. Alikuja na faili kwapani na viatu visivyojua jivu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kipimajoto akakunja uso.

"Mbona inasoma tisini na nne?"

"Ndiyo inasimama hapo," Mama Wekesa akamjibu.

"Maji huchemka mia. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Labda maji ya kwenu. Ya hapa inachemka hapo kwa nyekundu."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alitoa kisu kidogo mfukoni akaukwangua ule mstari mwekundu, akapuliza unga wa rangi, akasema hapa si mahali pa kuchorachora. Tangu siku hiyo ikawa ni ongeza, ongeza. Aliamini joto linatorokea kwenye unga, ndiyo maana hatufiki mia. Mama Wekesa alijibu "ndiyo bwana," akangoja apige kona, akavuta kuni mbili. Tuliishi hivyo miezi mingi.

Kisha wakatangazwa wageni, wanunuzi wa mafuta kutoka Nairobi. Ongeza akawa kama mtu anayeoa mke wa pili. Alipeleka kifuniko kwa fundi wa jua kali, kikarudi na pete ya chuma na boliti sita. Asubuhi ya wageni alinikuta nakanda unga, akaupiga teke ungo wenye unga.

"Wageni wakute ugali kwa mtambo? Hii si chang'aa. Na hapa si Kipsongo!"

Mama Wekesa alimwangalia. "Kwani moto ya Kipsongo na ya hapa si inawashwa na kiberiti moja?"

"Wewe nenda kwa drami. Wangari akae kwa moto leo. Wangari amesoma."

Ndivyo zamu ya moto ikawa yangu. Nataka mlishike hilo, kwa sababu ndilo nililolificha maisha yangu yote ya kazi.

Ongeza alikaza boliti mwenyewe. Aliagiza majani yashindiliwe hadi juu, yaguse shingo, ili wageni waone mafuta mengi. Wageni wakaja saa nne, wakasimama na chupa zao za maji. Nami nikawasha.

"Ongeza," akasema. Nikaongeza. "Ongeza." Nikaongeza. Nilikuwa nimekaa kwenye moto ule miaka ya kutosha kujua kwamba ninaharibu. Nilimwangalia Mama Wekesa kule kwenye drami, akanitikisia kichwa. Nikamwangalia meneja, ambaye kalamu yake ndiyo iliyoandika nani arudi kesho kazini. Nikaongeza.

Uzi wa maji kwenye mdomo wa bomba ukawa matone. Matone yakakoma. Sindano ikapita pale palipokuwa na mstari mwekundu. Tisini na tano. Tisini na saba. Ongeza akawaita wageni wasogee. "Mnaona? Mnaona sasa? Joto lote lilikuwa linatorokea kwa unga!" Sindano ilipogusa mia alipiga makofi. Na wageni wakapiga makofi, jameni, kama tuko kwenye arusi.

Mama Wekesa hakuangalia sindano, maana hakujua kuisoma. Aliangalia mdomo wa bomba.

"Mdomo imekauka," akasema. Kisha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena: "Wangari, toka!"

Sikutoka. Niliganda pale na kipande cha kuni mkononi. Alikuja mbio, akanipiga bega, nikaangukia kwenye rundo la jivu. Yeye akainama mahali nilipokuwa nimekaa akavuta kuni. Ya kwanza ikatoka. Alikuwa ameshika ya pili pale shingo ilipoachia kwenye kiungo. Pipa halikupiga mlipuko kama mnavyodhani. Lilikohoa tu, mara moja, na kila kitu kikawa cheupe. Mvuke ulipotawanyika Mama Wekesa alikuwa ameketi chini, mkono wa kulia ameuweka mbali na mwili kana kwamba si wake, na alikuwa ananiuliza mimi, mimi, kama nimeungua.

Meneja tulimkuta nyuma ya gari la wageni.

Siku mbili baadaye aliniita ofisini. Ripoti ilikuwa tayari imechapwa. Ilisema mhudumu aliyezoea upishi wa pombe haramu aliongeza moto kupita kiasi bila amri. Ilisema unga wa kifuniko uliingia shingoni ukaziba bomba. Ilisema tangu sasa unga usitumike kabisa na kifuniko kifungwe kwa boliti. Chini palikuwa na mahali pa shahidi.

"Lakini siku hiyo hatukutumia unga," nikasema.

Akafungua kalamu. Hakupaza sauti. "Zamu ya moto ilikuwa ya nani, Wangari?"

Macho yangu yalishuka hadi pale mahali pa shahidi.

"Basi tuandike ukweli wako, ama tuandike huu?"

Nilitia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha kwa silaha. Nilikuwa na mtoto, nilikuwa na woga, nikamwangusha aliyenisukuma nikaangukia jivu badala ya kuungua. Nimejikasirikia kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia yeye, na yeye nimemkasirikia sana.

Nilienda kumwona Mama Wekesa hospitalini mara moja tu, nikiwa na maziwa na ndizi. Mkono na shingo vilikuwa vimefungwa vitambaa. Walikuwa wamekwisha kumwachisha kazi akiwa amelala pale pale kitandani.

"Wameandika nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Wewe unajua kusoma. Ukirudi, ulizia."

Nikasema nitaulizia. Sikurudi. Niliposikia amehamia kwao, njia ya kwenda Cheptais, nilishukuru kwamba ni mbali. Ndivyo nilivyokuwa, msinifanye mtakatifu kwa sababu ya keki.

Ongeza aliondoka baada ya muda, akapata pakubwa zaidi. Mzee Jaswant alikuja na bakora yake, akaiangalia ile shingo iliyoraruka, akaitengeneza upya na kuniambia, "Rudisha unga." Hakuuliza kilichotokea, nami sikusema. Pete ya boliti ikatundikwa kwenye msumari. Mzee alipofariki, watoto wake wakauza pipa, na kikundi chenu cha wakulima hapa Bungoma, karibu na Kibabii, mkalinunua. Pipa likaja kwa lori, mimi nikaja nyuma yake, na ndani ya pipa, ili visipotee njiani, tulikuwa tumetia ile pete, zile boliti na faili kuukuu la ofisi.

Hapa Bungoma nimewafundisha wengi. Mkono shingoni, mkono ndani ya drami, kuni mbili si moja. Yote niliyowafundisha ni ya Mama Wekesa, na jina lake hamkulisikia kinywani mwangu hata siku moja. Mkiniuliza, "Mathe, si tufunge tu na boliti bana, hii unga inachafua," nilijibu, "Tumezoea hivi." Mara moja nilimtupia mtu spana. Mkacheka. Mkaniita Mathe wa Unga. Mlidhani ni ukaidi wa mama mzee, na ni mimi niliyewafanya mdhani hivyo, kwa kuwa kuwapa sababu kungekuwa kujitaja.

Basi siku ile, chai ikiwa bado imelowesha rinda langu, nilienda mbio kwa Metrine. Metrine ndiye aliyechukua moto baada yangu, ana diploma na ana mkono mzuri, na kitabu aliandika yeye. Nilimrushia mezani.

"Nani amekwambia uandike upuzi huu? Nani? Nimekufundisha boliti mimi?"

Metrine hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa lile faili kuukuu, akalifungua mahali alipokuwa ameweka alama.

"Mathe, mimi sikuitoa kwa kichwa yangu. Kulikuwa na ajali Kitale, unga ikaziba bomba, mama fulani akachomeka. Imeandikwa hapa. Ati hata shahidi yuko." Akaweka kidole. "Si hii ni sahihi yako?"

Ilikuwa yangu. Nilikuwa naandika kwa madoido siku hizo, W yenye mkia. Hasira yote ikageuka kunitazama mimi. Kisha nikafanya nilichokijua: nikachomoa ile ripoti, nikatoka bila kumjibu, nikaacha pipa na boliti zake na Metrine wake.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nikaenda njia ya Cheptais nikaulizia kwa Mama Wekesa, na watu wakanielekeza kana kwamba naulizia kanisa. Nilimkuta uani akipukuchua maharagwe. Amezeeka. Mkono wa kulia ngozi yake inang'aa, vidole havikunjiki, anapukuchua kwa wa kushoto.

"Mulembe," nikasema.

"Mulembe, Wangari," akajibu, kama niliyetoka jana. "Kaa. Uliulizia?"

Nilikaa. Nikatoa ile ripoti, nikamsomea yote, mstari kwa mstari, hadi chini. Maharagwe yalikoma kudondoka kwenye ungo.

"Jina ya shahidi ni nani?"

"Ni yangu."

Nilitamani anipige.

"Watu yangu walinilaumu mimi. Walisema chang'aa imenifuata. Mimi nawaambia hapana, kuna msichana wa Kitale alikuwa hapo, aliona yote, hajaambiwa tu vile waliandika. Angejua, angesema. Miaka yote hii nimekutetea, Wangari. Nimekutetea na hii mkono!"

Nikaanza kulia. Akanikemea.

"Usinililie hapa! Hiyo pipa iko wapi saa hii?"

"Bungoma. Kuna msichana anapika. Metrine."

"Na boliti?"

Nikaanza kuikunja ile ripoti.

"Boliti iko juu?"

"Iko juu. Amefunga kama kitabu kinavyosema."

"Na wewe umekuja huku kuniambia pole?" Aliinuka, maharagwe yakamwagika yote. "Inuka! Tafuta pikipiki!"

Tulipanda pikipiki moja, dereva, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, jani lisizibe, jani lisizibe, Ngai, leo tu.

Tulipofika moto ulikuwa unanguruma. Metrine alikuwa ameinama na kuni mkononi, jasho likimtiririka, sindano imesimama tisini na tano. Kwenye mdomo wa bomba uzi ulikuwa bado unatoka. Mama Wekesa hakumsalimu mtu. Alipita katikati yetu, akainama, akavuta kuni moja kwa mkono wa kushoto akaitupa nje, akarudi akavuta ya pili.

"Kukhu, wacha!" Metrine akasema, kama anayemwita bibi yake. "Bado haijafika mia!"

"Haitafika," Mama Wekesa akasema. "Na siku itafika, ni hii." Akapandisha mkono wa sweta hadi begani.

Metrine aliuangalia ule mkono. Kisha akaniangalia mimi, na alikuwa ameelewa kila kitu, maana yule msichana si mjinga. Kuni aliyokuwa nayo akaiweka chini taratibu. Pipa lilipopoa tulifungua boliti sita, na shingoni tukakuta bonge la majani limekaa nusu ya njia. Nusu tu.

Boliti hizo ziko kwenye choo cha shimo nyuma ya banda, na shimo ni refu. Anayezitaka aende azifuate. Ukurasa wa saba nao nimeuchana kwenye kila nakala niliyoipata, na badala yake bandikeni huu:

Kifuniko kifungwe kwa unga. Kipimajoto kisipite alama nyekundu, ambayo Metrine ameichora upya. Mdomo wa bomba ukikauka, vuta kuni mbili, toka, ngoja pipa lipoe. Mafunzo haya ni ya Mama Wekesa wa Kipsongo. Siku ya ajali ya Kitale hapakuwa na unga kwenye pipa, palikuwa na boliti. Kuni hazikuongezwa na Mama Wekesa. Ziliongezwa na mimi, na yeye aliungua akizitoa. Ripoti iliyosema vinginevyo ni ya uongo, na shahidi wake alikuwa mwongo.

Nilitia sahihi hapo mezani kwa Metrine, W ile ile yenye mkia. Mama Wekesa hajui kusoma hadi leo. Aliniuliza jina lake liko wapi, nikamwonyesha. Akaniambia nimwonyeshe tena, polepole. Kisha akauinua ule mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto, akaweka kidole kisichokunjika juu ya jina lake, na hakukiondoa upesi.